Swali Ndani ya Swali: Kliniki Inavyohesabu Wagonjwa Wake

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulikusudiwa wafanyabiashara, lakini unaifaa pia kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza. Mgonjwa asiyeonekana katika hesabu hupotea bila habari, na hasara yake si ya fedha. Huenda akasikika tena siku anapoletwa akiwa amepatwa na kiharusi, au figo zake zinapokuwa zimekwisha kudhurika.

Siku hizi daftari hilo mara nyingi limo ndani ya kompyuta, katika kanzidata. Mganga mfawidhi huuliza jambo fupi: je, wagonjwa wetu wa shinikizo la damu wanaendeleaje? Karani wa takwimu huandika amri na baada ya sekunde chache jibu hutokea, likiwa na tarakimu safi zisizo na shaka usoni. Ugumu ni kwamba swali hilo moja linaweza kupewa majibu matatu au manne yanayotofautiana, na kompyuta haitasema lipi ndilo lililokusudiwa. Makala haya yanaeleza jinsi hesabu za jumla zinavyofanywa katika kanzidata, kwa nini mara nyingi hatuna budi kuweka swali ndani ya swali, na ni wapi mgonjwa anaweza kudondoka kati ya mistari miwili ya amri.

Lugha ya kuuliza

Kanzidata nyingi tunazotumia zimejengwa juu ya wazo lililotolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi IBM nchini Marekani. Alipendekeza kwamba taarifa zihifadhiwe katika majedwali yaliyo sahili, na kwamba anayeuliza aeleze anachokitaka bila kulazimika kujua kimewekwa wapi ndani ya mashine. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo inajulikana kama SQL. Tangu mwanzo lugha hiyo iliruhusu jibu la swali moja liwe sehemu ya swali jingine. Boyce hakuishi kuona kazi yake ikienea, kwani alifariki mwaka huohuo wa 1974, angali kijana, baada ya kupasuka kwa mshipa wa damu katika ubongo.

Katika lugha hiyo kuna amri tano za ujumlishi zinazotumika zaidi: COUNT huhesabu, SUM hujumlisha, AVG hutoa wastani, MIN hutoa kilicho kidogo kuliko vyote na MAX kilicho kikubwa kuliko vyote. Kila moja hupokea mistari mingi na kurudisha tarakimu moja. Kazi yake ni kufupisha, na kila anayefupisha huacha jambo fulani nje. Mhudumu wa afya hana budi kujua ni jambo gani limeachwa.

Kliniki ya wagonjwa watano

Tuchukue kliniki ndogo ya kubuni, ambayo takwimu zake tumezitunga kwa ajili ya somo hili. Kliniki ina majedwali mawili. La kwanza, *wagonjwa*, ni rejesta: kila mgonjwa ana mstari mmoja na namba yake. La pili, *mahudhurio*, lina mstari mmoja kwa kila siku ambayo mgonjwa alipimwa, pamoja na namba yake, tarehe na kipimo. Katika utendaji tunaandika tarakimu mbili za shinikizo, ya juu na ya chini, na kwa kawaida lengo kwa mtu mzima anayetibiwa ni kuwa chini ya 140 kwa 90. Hapa, ili tusijichoshe, tutatumia ya juu pekee.

Kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni 2024 rejesta ina wagonjwa watano:

Mgonjwa 101 alifika mara nne, akapimwa 168, 150, 134 na 128, mara ya mwisho ikiwa tarehe 15 Mei.

Mgonjwa 102 alifika kila mwezi, mara sita, akapimwa 132, 130, 134, 136, 128 na 134.

Mgonjwa 103 alifika mara tatu, akapimwa 138, 146 na 182, mara ya mwisho ikiwa tarehe 22 Mei.

Mgonjwa 104 alifika mara moja tu, tarehe 24 Januari, akapimwa 176.

Mgonjwa 105 aliandikishwa Januari siku ya upimaji wa kijijini, akaelekezwa kliniki, na hajafika hata mara moja.

Jedwali la mahudhurio lina mistari kumi na minne. Sasa tuulize: ni wangapi ambao shinikizo lao limedhibitiwa?

Karani wa kwanza anahesabu mistari yenye kipimo kilicho chini ya 140. Anapata tisa kati ya kumi na minne, yaani asilimia 64. Karani wa pili anatazama kipimo cha mwisho cha kila mgonjwa aliyewahi kupimwa. Anapata wawili, 101 na 102, kati ya wanne, yaani asilimia 50. Karani wa tatu anaanza na rejesta yote, naye anapata wawili kati ya watano, asilimia 40.

Hakuna aliyekosea kujumlisha. Wa kwanza amehesabu mahudhurio, na kwa hiyo mgonjwa 102, aliye mwaminifu wa kliniki, amepiga kura mara sita huku mgonjwa 104 akipiga mara moja na 105 asipige kabisa. Wanaofika mara kwa mara ndio mara nyingi wanaotumia dawa vizuri, hivyo hesabu ya mistari huipamba kliniki. Wa pili amehesabu watu waliopimwa. Wa tatu amehesabu watu ambao kliniki ilipokea dhamana yao. Taarifa inayopelekwa halmashauri, mkoani na wizarani isipoeleza ni hesabu ipi kati ya hizo, vituo viwili vyenye hali moja vinaweza kuonekana kama kimoja kinafaulu na kingine kinashindwa.

Kwa nini swali la ndani linahitajika

Tuseme mganga anataka vipimo vyote vilivyozidi wastani wa kliniki. Mtu anaweza kudhani kwamba inatosha kuandika sharti la kipimo kuwa kikubwa kuliko AVG. Mashine itakataa. Sharti la WHERE huchuja mstari mmoja baada ya mwingine kabla ya jumla yoyote kufanywa, na wakati huo wastani bado haujazaliwa. Basi tunaitaka mashine ikatafute wastani kwanza, kisha ije na jibu:

SELECT namba, tarehe, juu
FROM mahudhurio
WHERE juu > (SELECT AVG(juu) FROM mahudhurio);

Sehemu iliyo ndani ya mabano ndiyo swali la ndani. Linajibiwa kwanza na kutoa tarakimu moja, 144, kwa kuwa vipimo vyote vinajumlika kuwa 2016, navyo ni kumi na vinne. Swali la nje kisha hulinganisha kila mstari na 144, na mistari mitano inatokea: miwili ya 101, miwili ya 103 na mmoja wa 104.

Amri ni sahihi, lakini je, swali lenyewe ni sahihi? Wastani wa kliniki si kiwango cha tiba. Mtu aliyepimwa 142 angepita chini ya wastani huo na kuachwa nje ya orodha, ilhali yuko juu ya 140. Kliniki ambayo wagonjwa wake wengi wana hali mbaya huwa na wastani wa juu, na wastani huo huwaficha wengine. Palipo na kiwango cha kitabibu kilichokubaliwa, kitumike hicho. Wastani ubaki kwa maswali yanayouhusu.

Aidha, wastani wa mistari na wastani wa watu ni vitu viwili. Tukitafuta kwanza wastani wa kila mgonjwa, ndani ya mabano, tunapata 145 kwa 101, takriban 132 kwa 102, takriban 155 kwa 103, na 176 kwa 104. Tukitafuta wastani wa wastani hizo nne tunapata takriban 152. Tarakimu 144 inasimulia wastani wa hudhurio. 152 inasimulia wastani wa mtu.

Kipimo cha mwisho cha kila mgonjwa

Swali linaloulizwa zaidi katika kliniki ya matunzo ya kudumu ni hili: hali ya kila mgonjwa ilikuwaje alipoonekana mara ya mwisho? Mtego wake ni mtamu. Karani hupanga mistari kwa namba ya mgonjwa kwa amri ya GROUP BY, kisha huomba MAX ya tarehe pamoja na MAX ya kipimo, akiamini kwamba vyote viwili vitatoka katika mstari mmoja. Havitoki. Kila amri ya ujumlishi hutafuta peke yake. Kwa mgonjwa 101 atapata 15 Mei na 168, ingawa siku hiyo alipimwa 128. Mgonjwa aliyepona vizuri ataonekana amezorota, na kama orodha hiyo ndiyo inayotumiwa kupanga dawa, huenda akaongezewa asiyoihitaji na kuanza kuona kizunguzungu kila anaposimama.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Anayeomba MAX ya tarehe na MIN ya kipimo atapata kwa mgonjwa 103 tarehe 22 Mei na 138. Karatasi itasema amedhibitiwa, ilhali siku hiyo alikuwa na 182, kipimo kinachotaka mtu afuatiliwe haraka.

Njia iliyo salama ni kuitafuta kwanza tarehe ya mwisho ya mgonjwa husika, kisha kuchukua mstari mzima wa tarehe hiyo:

SELECT m.namba, m.tarehe, m.juu
FROM mahudhurio m
WHERE m.tarehe = (SELECT MAX(n.tarehe)
FROM mahudhurio n
WHERE n.namba = m.namba);

Hapa swali la ndani halisimami peke yake. Linamtazama mgonjwa aliye mikononi mwa swali la nje, nalo hujibiwa upya kwa kila mmoja. Matokeo ni 128, 134, 182 na 176, kila kipimo na tarehe yake ya kweli. Tahadhari ni moja: kama mgonjwa alipimwa mara mbili siku ileile, jambo ambalo ni utaratibu mzuri wa kupima shinikizo, atatokea mara mbili katika orodha. Kwa hiyo inafaa saa ya kipimo pia iandikwe, au kituo kikubaliane mapema ni kipimo kipi cha siku kitakachoingizwa.

Kwa njia hiyohiyo tunaweza kumlinganisha mgonjwa na nafsi yake, yaani kipimo chake cha mwisho na wastani wake mwenyewe. Mgonjwa 101 yuko chini ya wastani wake, na 103 yuko juu yake sana. Hiyo ni habari ambayo wastani wa kliniki nzima hauwezi kuitoa.

Sifuri na nafasi tupu

Mashine ya kupimia ikiharibika, mhudumu afanyeje? Akiiacha nafasi tupu, AVG huiruka nafasi hiyo na kugawanya kwa vipimo vilivyopo tu. Akiandika sifuri ili fomu ikubali kufungwa, mashine huamini kwamba yupo mtu ambaye shinikizo lake ni sifuri. Tukiongeza mstari mmoja wa namna hiyo katika mfano wetu, 2016 inagawanywa kwa kumi na tano, na wastani unashuka kutoka 144 hadi 134.4. Kliniki nzima imevuka chini ya 140 kwa sifuri moja, wala hakuna aliyemeza kidonge kimoja zaidi. Isitoshe, sifuri hiyo ni ndogo kuliko 140, kwa hiyo itahesabiwa miongoni mwa vipimo vilivyodhibitiwa.

Kompyuta hutofautisha kati ya hakuna na haijulikani. Fomu zetu nazo ziruhusu tofauti hiyo.

Orodha tupu inayofariji

Tumefika penye hatari kubwa kuliko zote. Mwisho wa Juni, muuguzi anataka majina ya wagonjwa ambao hawajafika tangu tarehe 1 Aprili, ili wapigiwe simu au watembelewe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Karani anauliza: toa namba zote za rejesta ambazo hazimo katika orodha ya waliofika tangu tarehe hiyo. Amri inayotumika hapo ni NOT IN, na jibu ni 104 na 105. Vizuri.

Sasa tuseme katika foleni ndefu ya tarehe 3 Juni mhudumu mmoja aliandika kipimo akasahau kuandika namba ya mgonjwa. Karani anarudia amri ileile. Jibu linakuja tupu. Hakuna jina hata moja. Muuguzi anashukuru kwamba wote wamefika, anafunga daftari na kwenda nyumbani.

Limetokea nini? Mashine imeulizwa kama 104 hayumo katika orodha ya waliofika. Katika orodha hiyo yupo mtu mmoja asiye na namba. Je, huyo si 104? Haijulikani. Kwa kuwa haijulikani, mashine haiwezi kuthibitisha kwamba 104 hayumo, na kwa hiyo inamwacha. Vilevile kwa 105. Mstari mmoja usio na namba umewafuta wote wanaopaswa kutafutwa, bila onyo wala ujumbe wa kosa.

Tiba yake ni kubadili namna ya kuuliza:

SELECT w.namba
FROM wagonjwa w
WHERE NOT EXISTS (SELECT 1
FROM mahudhurio m
WHERE m.namba = w.namba
AND m.tarehe >= '2024-04-01');

Swali hili linaanza na rejesta, linamshika kila mgonjwa kwa zamu na kutafuta hudhurio lake. Asipolipata, jina lake hutoka. Mstari usio na namba haumzuii mtu. Mgonjwa 105, ambaye hana hata mstari mmoja katika jedwali la mahudhurio, anaonekana, kwa sababu tumeanza kumtafuta mahali jina lake lilipo. Hata hivyo mstari ule wa 3 Juni nao ufuatiliwe. Huenda kweli alikuwa 104, naye akipigiwa simu atasema hivyo.

Kwa wanaosimamia kituo, kanuni ni hii: orodha ya wasiofika ikija tupu, isipokewe kwa furaha kabla haijajaribiwa. Chukua jina la mgonjwa mmoja ambaye unajua kwa hakika hajafika, kisha angalia kama mashine inamwona. Isipomwona, swali ndilo linaloumwa.

Yanayomhusu mgonjwa mwenyewe

Mgonjwa anayesoma makala haya anaweza kuuliza yeye anahusikaje na amri za karani. Anahusika, kwa kuwa kiungo kinachoshikilia hesabu zote hizi ni namba yake. Anayepoteza kadi na kuandikishwa upya kama mgeni hugeuka kuwa watu wawili: mmoja aliyeanza leo, na mwingine anayeonekana ametoroka matibabu. Historia ya vipimo vyake hukatika, na wastani wake huanza upya kana kwamba hakuwahi kuugua. Njoo na kadi yako. Ukiipoteza, sema kwamba uliwahi kuandikishwa. Ukibadili namba ya simu au makazi, mwambie muuguzi, kwa sababu kuonekana katika orodha ya kutafutwa hakusaidii kama hakuna njia ya kukufikia. Na una haki ya kuuliza: kipimo changu cha leo kimeandikwa? Ni kiasi gani?

Jambo jingine ni siri. Hesabu za jumla huaminiwa kwamba hazimtaji mtu, lakini kundi likiwa dogo mno, jumla humtaja. Taarifa ikisema kwamba katika kijiji fulani kuna mwanamke mmoja wa umri fulani mwenye ugonjwa fulani, majirani hawahitaji jina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zinastahili uangalifu wa pekee. Kabla ya kubandika jedwali ukutani au kulituma katika kundi la simu, kagua vyumba vyenye mtu mmoja au wawili, kisha uyaunganishe makundi hayo na mengine.

Kabla ya kutia saini

Mhudumu wa afya halazimiki kuwa mtaalamu wa kompyuta, lakini anayetia saini taarifa anapaswa kuweza kumuuliza karani maswali manne. Tumehesabu watu au mahudhurio? Tumeanza na rejesta au na waliofika tu? Tarehe na kipimo vimetoka katika mstari mmoja? Na nafasi tupu zimefanywaje? Majibu ya maswali hayo huchukua dakika chache, nayo yanaweza kubadili asilimia 64 kuwa 40.

Katika mfano wetu, tofauti ya asilimia hizo ni watu watatu: mmoja ambaye shinikizo lake lilifika 182 huku karatasi ikisoma 138, mmoja aliyepimwa 176 mwezi Januari na hajaonekana tena, na mmoja ambaye hakuwahi kuingia mlangoni. Kliniki iliyowapata katika hesabu ina nafasi ya kuwapata pia nyumbani kwao, kabla kiharusi hakijawatangulia.